Koltani na makaa, yaletaje vita? Naomba kuelezwa

Taniboi wa Mariakani:
Salaam aleikum wandugu. Jana twapakia pale Miritini, dereva mmoja mkongo akatwambia kwao Masisi watu wahama kila uchao na mali, koltani, yale madini ya kutengenezea simu, iko papo hapo chini ya miguu yao. Nikamuuliza sa kama mna mali shida iko wapi? Akacheka tu akavuta sigara. Mi sielewi, jiwe la shimoni litoe bunduki vipi?

Babu Majahazi:
Mwanangu, pesa haiko shimoni, iko barabarani. Rubaya, yenye machimbo ya koltani huko huko Masisi, ilishikwa na waasi wa M23 mwezi wa nne 2024. Wenye bunduki hawachimbi, wakaa kwa kizuizi wahesabu magunia, mchimbaji alipe, mfanyabiashara alipe, na wataalamu wa UN walipopiga hesabu ya kodi hiyo wakapata kama dola laki 8 kwa mwezi. Sa mtu apata hizo kila mwezi, hivyo vita vikiisha ale wapi? Kisha gunia lavushwa mpakani kuingia Rwanda lachanganywa na la kule, basi, halijulikani tena.

Binti Kisauni:
Mbona mwaenda mbali, makaa ya Somalia je? UN ilipiga marufuku kuyauza nje 2012, na bado yakawa yatoka Kismayu kwenda Ghuba, ati ya shisha na kuchomea nyama, Al-Shabaab watoza ushuru njiani. Karatasi nyengine za mzigo zilikua zasema yametoka Komoro. Komoro jamani! Vile visiwa vyenyewe ni vya kuzunguka mara moja, hiyo miti yote ya migunga ya kuchomea makaa ilimea wapi? Na kuna mtu aligonga muhuri, hakugonga bure.

Shemeji wa Likoni:
Sawa lakini msiwabebeshe waasi peke yao. Marange, kwenye machimbo ya almasi kule Zimbabwe, 2008 waliowamiminia risasi wachimbaji, hata kwa helikopta, ni jeshi la serikali. Na mpango wa Kimberley, ule wa nchi nyingi kuzuia almasi ya vita isiuzwe, ulioanza 2003 wahesabu almasi ya vita ni ile ya waasi tu, kwa hivyo ilipofika 2011 mauzo ya Marange yakaruhusiwa. Ukiua na sare mali yako halali 😒

Taniboi wa Mariakani:
Kumbe ni karatasi. Na mie kutwa nashika karatasi, sijawahi fungua gunia hata moja nikaona kilichomo. Yule mkongo arudi wiki ijayo, ntamnunulia chai nimuulize yeye kwao ni Rubaya ama wapi, jana sikuuliza.