Tupeane uzoefu: zimamoto walipokuja kukagua biashara yako, walikukuta vipi?

Habari za leo ndugu zangu. Nina mgahawa mdogo Mbezi, Dar es Salaam, meza nane na wafanyakazi watano. Mwezi uliopita maafisa wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji walikuja kukagua. Nilijiona niko tayari: mitungi miwili ya unga wa kuzimia moto, mishale yote ya mgandamizo kwenye kijani, risiti zimepangwa kwenye faili.

Afande hakuligusa faili. Alimgeukia binti anayeosha vyombo, akamwambia, "Mwanangu, karai la chipsi limeshika moto sasa hivi. Unafanyaje?" Binti akakimbilia ndoo ya maji.

Mwili ulinisisimka. Maji ukiyamwaga kwenye mafuta yanayowaka yanazama, yanageuka mvuke hapo hapo na kurusha mafuta yenye moto mpaka darini. Na kosa si la binti. Yuko kwangu mwaka wa pili na sijawahi kumshikisha mtungi hata siku moja. Mtungi wenyewe ulikuwa nyuma ya kreti za soda. Tulihamisha kreti nne kuufikia, afande amesimama anatutazama.

Tulielekezwa kuzima jiko kama mkono unafika, kufunika karai kwa mfuniko au blanketi la kuzimia moto, na kutolisogeza hata kidogo. Blanketi litundikwe karibu na mlango wa jikoni, maana ukilitundika juu ya jiko itabidi upitishe mkono kwenye moto kulichukua. Mitungi ya gesi itoke nje, ikae kwenye kizimba cha wavu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi juu ikatoka dirishani, inatambaa sakafuni na kujikusanya. Nilipopaka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira, moja likaanza kuvimba mapovu mbele ya macho yangu. Tumepikia pale miezi mingapi?

Wanarudi Alhamisi. Naomba waliopitia watuambie walijiandaaje, hasa mambo ambayo hukuyawaza mpaka ulipoonyeshwa.

*

Duka la magodoro, Mwanza

Pole dada, na hongera kwa kusema wazi. Mimi walinikuta nimepanga magodoro mpaka yanagusa taa. Sponji ikishika moto inakwenda haraka sana na moshi wake ni sumu, mtu anaanguka kabla moto haujamfikia. Niliambiwa nishushe mzigo, niache njia ya kupita katikati, na swichi kuu isifunikwe na kitu chochote. Yangu ilikuwa nyuma ya magodoro ya futi sita. Siku ya shoti ningeizima vipi?

Mlango wa nyuma nao nilikuwa nimeufunga kwa kufuli mbili nikiogopa wezi. Sasa una komeo la ndani linalofunguka kwa mkono bila ufunguo, na usiku naongeza kufuli nikishahakikisha hakuna mtu ndani.

*

Saluni, Dodoma

Jihadharini na wanaopita madukani wakisema wanahudumia mitungi. Kuna mmoja alinibandikia stika mpya, akachukua hela, akaondoka. Hakuufungua mtungi. Siku ya ukaguzi afande aliutoa nje, akavuta pini, akaminya. Ulitoka upepo tu, fyuuu, na unga kiduchu. Ndani unga ulikuwa umeshikana kama saruji iliyolala kwenye unyevu.

Mshale ulikuwa kwenye kijani. Nilichojifunza, mshale unakuonyesha mgandamizo peke yake, haukwambii hali ya unga. Siku hizi mtungi unahudumiwa nikiwa nimesimama pale pale, na ninaupima uzito nilinganishe na ulioandikwa kwenye lebo yake. Ule wa hewa ya ukaa, tunaouweka kwa ajili ya vifaa vya umeme, hauna mshale kabisa, kwa hiyo mzani ndio utakaokwambia. Wafanyakazi wafundishwe pia wasiishike ile honi yake, yaani mdomo mpana inakotokea gesi, wakati wa kupuliza, inapoa mpaka inaunguza vidole.

*

Nyumba ya wageni, Mji Mkongwe, Unguja

Assalaam aleikum. Huku kwetu wakaguzi ni Kikosi cha Zimamoto na Uokozi cha Zanzibar, na shida yetu ni nyengine. Nyumba ni ya zamani, dari ni boriti, ngazi ni za mbao na iko moja tu. Vichochoro vyetu gari la zimamoto halipiti, mipira ya maji itavutwa kwa mikono kutoka barabarani. Kwa hiyo dakika za mwanzo ni zetu wenyewe.

Nilikuwa nimeshughulika na mitungi, kumbe mkaguzi fikra zake ziko kwa mgeni aliyelala ghorofa ya tatu. Aliniuliza: huyu mgeni kaja jana usiku, hajui nyumba, umeme umekatika, moshi umejaa ngazini, atajuaje pa kupita? Sikuwa na jawabu. Tukaweka taa za betri ngazini zinazowaka zenyewe umeme ukikatika, ving'amua moshi kila chumba, na mchoro wa njia nyuma ya kila mlango. Paani tukafungua njia ya kwenda kwa jirani, kwa maandishi baina yetu.

Halafu tulifanya zoezi. Nilizima taa zote saa mbili usiku, nikawaambia vijana washuke wakitambaa, maana hewa safi inabaki chini. Wawili walijigonga kwenye kasha la shaba nililoliweka ukumbini kwa pambo. Lile kasha nalipenda, la marehemu bibi yangu. Nimelihamishia chumbani kwangu.

*

Vitenge, Kariakoo

Mimi niliunguliwa mzigo Soko Kuu lilipowaka usiku wa tarehe 10 Julai 2021. Nilipigiwa simu nikiwa kitandani. Sitaki kusimulia yote. Ninachoomba, namba 114 ya zimamoto iandikwe ukutani kwa maandishi makubwa, na mlinzi wa usiku aijue kichwani. Mlinzi wangu wa sasa namuuliza kila mwezi. Tena awe anajua kuelekeza: mtaa gani, karibu na nini, gari liingilie wapi. Na madaftari ya wadeni na nakala za leseni yasilale dukani.

*

Mwenye mgahawa, Mbezi

Ahsanteni sana, na pole mno dada wa Kariakoo. Wamerudi leo. Kizimba cha gesi kimepita, mpira mpya umepita, blanketi limesogezwa kidogo kushoto. Tozo nimelipia kwa namba ya malipo ya serikali, sikumpa mtu hela mkononi.

Yule binti aliulizwa tena. Alizima jiko, akavuta blanketi, akajifunika nalo mikono, akalilaza juu ya karai kuanzia upande wake kwenda mbele ili moto usimrudie usoni. Kisha akatoka akasimama chini ya mwembe tulikokubaliana kukutana, akaanza kutuhesabu. Tulikuwa wanne. Akauliza kwa sauti, "Mpishi yuko wapi?" Mpishi alikuwa chooni, na mlango wa choo chetu unafunguka kuelekea ndani. Fundi anakuja kesho kuugeuza.