Wakuu, serikali ya wanafunzi inamsaidia mtu wa masta au ni ya wale wa digrii ya kwanza tu?

Mtafiti Mchovu: Habari za jioni wakuu. Nasoma masta chuo kimoja hapa Dar, jina naomba niliache. Msimamizi wangu kanyamaza tangu nimpelekee sura ya tatu. Simu hapokei, ofisini naambiwa kasafiri. Nataka rais wa serikali ya wanafunzi anisindikize mpaka kwa wakubwa wa uzamili. Wana nguvu hiyo? Usingizi sipati.

Kifaurongo: Rais mwenyewe ana miaka 22, wewe una watoto shuleni. Nani amsindikize nani? 😂

Mzee wa Changanyikeni: Siku hizi mnasindikizwa! Mei 1990 serikali ilipofunga Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tulibeba mabegi tukarudi kwetu, na hatukumwomba mtu msamaha. Mimi nililima mihogo mpaka chuo kilipofunguliwa mwaka uliofuata.

Dada Mwakilishi: Mzee shikamoo, ila kijana kauliza jambo jingine. Mdogo wangu, niliwahi kuwa mwakilishi wa wanafunzi wa uzamili. Nguvu wanayo, Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2005 inawatambua, ila si nguvu ya kugonga meza. Watakuonyesha mlango wa kuanzia: mratibu wa uzamili wa idara, kisha mkuu wa idara, ndipo upande juu. Ukiruka ngazi, barua inashushwa ilikotakiwa kuanzia. Acha simu, andika barua pepe na uzitunze. Halafu niambie, muhula huu umesajiliwa?

Mtafiti Mchovu: Usajili una mambo yake dada. Tubaki kwa msimamizi.

Mbeba Maboksi: Huku Edinburgh chama cha wanafunzi kina ofisi yake ya ushauri, Advice Place, haiko chini ya chuo. Hata wa PhD wanakwenda kupangiwa malalamiko yao. Mimi walinisaidia kwa mwenye nyumba aliyegoma kunirudishia amana. Mzungu yule, acheni tu.

Dada Mwakilishi: Mtafiti, hujanijibu.

Mtafiti Mchovu: Haya, sijasajiliwa, nadaiwa ada. Pesa niliitia kwenye tikiti maji Mkuranga nikilenga Ramadhani, mvua ikamaliza shamba. Lakini hilo linahusiana vipi na mtu kukalia kazi yangu? Na barua ya kwenda kwa makamu mkuu wa chuo nimeshaandika, Jumatatu naipeleka.

Dada Mwakilishi: Linahusiana sana. Kwenye mfumo wa chuo wewe haupo, na serikali ya wanafunzi inatetea wanafunzi waliosajiliwa. Hiyo barua iache mezani, swali la kwanza utakaloulizwa ni ada. Nenda kwa waziri wao wa mikopo, muandike ombi la kulipa kwa awamu, au la kuahirisha masomo kwa utaratibu. Hayo ndiyo wanayoyaweza.

Mtafiti Mchovu: Kuahirisha siahirishi. Nyumbani wanajua namaliza mwaka huu.

Jicho la Tai: Ngojeni kwanza. Huyu si ndiye aliyeuliza bei ya vifaranga humu, akasema ni bodaboda wa Mbagala? Leo masta, kesho balozi. Hii chai.

Mtafiti Mchovu: Mwenye boda hasomi?

Jicho la Tai: Sura ya tatu inahusu nini?

Mtafiti Mchovu: Mbinu za utafiti.

Jicho la Tai: Hilo hata mlinzi wa geti analijua. Mada yako?

Mtafiti Mchovu: Nikiitaja msimamizi atanitambua.

Mzee wa Changanyikeni: Si umesema kasafiri?

Kifaurongo: Chai ya tangawizi hii 😂😂

Mkulima Mdogo: Mimi ya chuo siyajui. Hizo tikiti ulipanda mbegu gani, na maji ya kisima Mkuranga yanapatikana?

Mtafiti Mchovu: Sukari F1 mkuu. Maji yapo, ila usikodi shamba bondeni. Njoo faragha nikupe na namba ya mwenye pampu.