Mrejesho: kwa nini kaka aliugua mapema kuliko baba

Niliuliza kwa nini ugonjwa wa Huntington, ugonjwa wa kurithi unaoharibu ubongo, ulimwanza baba akiwa na miaka 52 lakini kaka yangu akiwa na 31. Majibu ya damu yametoka: baba ana marudio 43 ya CAG (herufi tatu za DNA zinazojirudia) kwenye HTT, jeni ambayo kasoro yake huleta ugonjwa huu; kaka ana 51. Kuanzia 40 ugonjwa hutokea mtu akijaliwa umri wa kawaida.

Daktari wa jenetiki alichukua kalamu akaandika CAG, CAG, CAG mpaka ukingo wa karatasi. Akasema mnyororo mrefu hivi hautulii. Ukinakiliwa huteleza na kuongezeka, hasa mbegu za kiume zinapotengenezwa. Ndiyo maana marudio huongezeka zaidi kwa waliorithi kwa baba kuliko kwa mama. Yakizidi, dalili huwahi, ingawa idadi haitaji umri kamili.

Baba alilia. Nilimshika mkono, nikamwambia hakuna alichokosea.

Mimi bado sijapima. Uwezekano wangu wa kuurithi ni asilimia 50, na namba ya kaka haisemi lolote kuhusu yangu. Naanza na ushauri nasaha. Asanteni sana mlionijibu.