Wakuu naombeni ushauri: X-Trail T31 au Forester SH5, nina milioni 23 tu

Kiazi Mviringo
Habari zenu wakuu, niende moja kwa moja. Nimeuza ki-IST changu, nikavunja na kibubu, jumla nina milioni 23 na hapo hapo itoke bima na kubadilisha jina la umiliki. Nakaa Goba, wanaopajua wanapajua, mvua ikipiga siku mbili IST nilikuwa naiacha kwa jirani kule barabarani natembea viatu mkononi. Halafu Krismasi na Pasaka lazima nipande Njombe, hiyo ni kilomita 700 na kitu kutoka Dar, na ukishafika mjini kuna kipande cha udongo mwekundu mpaka kwa mzee, na kurudi sirudi mikono mitupu, magunia mawili ya viazi ni lazima la sivyo bibi ananuna.

Madalali wamenizungusha wiki mbili zimebaki gari mbili. Ya kwanza Nissan X-Trail T31 ya 2010, petroli, automatiki, usajili wa namba D, dashibodi inasoma km 118,000 (dashibodi siku hizi naiamini kama ninavyomwamini dalali), mwenyewe anataka 19 na maongezi yapo. Ya pili Subaru Forester SH5 ya 2011, haina taba (turbo), namba D pia, km 97,000, anataka 22 na hataki kusikia habari ya kupunguza.

Mama watoto anataka X-Trail, anasema iko kama boksi anaona kona zote. Mimi moyo uko Forester ila kazini wameshanitisha, eti Subaru ni ya tajiri au kijana asiye na mtoto. Na X-Trail nao wananiimbia giaboksi, giaboksi, giaboksi. Naomba anijibu aliyetumia sio aliyeona kwa jirani.

Babu Spana
Mkuu zote mbili nimezifungua sana. Usilinganishe Nissan na Subaru, linganisha giaboksi. Hiyo T31 ya petroli automatiki ni CVT, yaani ndani hakuna gia za meno kama ulizozoea, kuna mkanda wa chuma unapanda na kushuka kwenye pulei mbili. Hiyo SH5 ni automatiki ya kizamani ya gia nne, ya kishamba lakini inasamehe.

Sasa CVT sio kwamba ni mbovu. Ina oili yake, Nissan wanaiita NS-2, haifanani na ile nyekundu ya kila gari. Tatizo ni huku kwetu, fundi akiona imepungua anamimina haidroliki yoyote aliyonayo kwenye kidumu, gari linatembea vizuri tu siku hiyo, wewe unamlipa na asante juu. Baada ya muda mkanda unaanza kuteleza, ukikanyaga injini inapiga kelele lakini gari haliondoki, halafu kuna mlio kama wa nzi kafungiwa kwenye chupa. Ukisikia huo mlio mrudishie mtu ufunguo wake. Kwa hiyo swali kwa muuzaji sio kilomita ngapi, muulize oili ya giaboksi ilimwagwa lini na ikawekwa ipi. Akikujibu "hii haijawahi kunisumbua" ujue haijawahi kubadilishwa.

tajiri_wa_mkopo
SH5 kimbia mkuu!! Ina mkanda wa taimingi, ikigonga laki moja usipobadilisha unakatika na injini kwishnei. Iko 97,000 unadhani anauza kwa nini hahaha

Ngosha wa Ilemela
Tajiri acha kumtisha mwenzio. Wenye mkanda ni injini ya EJ20. Subaru walibadilisha mwishoni mwa 2010, zisizo na taba zikawekewa FB20 ambayo ni ya cheni, zenye taba ndio zilibaki na EJ na mkanda wake. Yake ya 2011 haina taba, hiyo ni cheni. Tena sio lazima uniamini mimi, fungua boneti, chujio ya oili ukiiona imekaa juu pale mbele inakutazama hiyo ni FB. Ikiwa uvunguni ni EJ.

Mimi ninayo kama hiyo. Kwenye tope haina mfano, tairi zote nne zinavuta muda wote, hakuna cha kubonyeza. Lakini hapo hapo ndio gharama ilipo, huwezi kununua tairi moja moja kama kwenye IST. Tairi zikipishana uchakavu ule mfumo wa kugawa nguvu unafanya kazi hata kwenye lami iliyonyooka mpaka unajiua wenyewe. Na hizo FB za mwanzo mwanzo zinasemwa kwa kunywa oili, sio zote, ila jenga mazoea ya kuchomoa stiki ya oili kila unapojaza mafuta. Mafuta kwangu foleni ni km 8 hivi kwa lita, safari 11 mpaka 12 nikiwa na akili timamu.

tajiri_wa_mkopo
Aah kumbe. Yangu ilikuwa ya 2008 ndio maana.

Mama Watatu
Kaka yangu mimi naendesha T31 mwaka wa tano sasa, Dar Mbeya mara tatu kwa mwaka na watoto watatu na mizigo, hawa wanaosema giaboksi giaboksi wengi wamesikia tu. Niliinunua nikaanza na oili ya CVT kabla hata sijabadilisha kapeti. Kitu kimoja cha kukwambia ukweli ni mlima Kitonga. Siku moja shemeji yako kashika usukani, mbele semi, joto la saa nane, yeye kakanyaga mpaka chini anataka kuyapita, gari likapunguza nguvu ghafla tukabaki tunatambaa. Nilidhani limekufa. Kumbe giaboksi ikipata moto sana inajilinda yenyewe, tulipopata pa kuegesha tukaiacha ipoe tukala ndizi, tukawasha tukaendelea mpaka leo. Siku hizi pale napanda taratibu nyuma ya lori na siwi na haraka, na usukani nashika mimi.

Kwa viazi vyako X-Trail ndio yenyewe, buti ni la mraba, chini kuna droo, sakafu yake unaitoa unaiosha. Na pale kwenye dashibodi kuna kirungu cha kuzungusha, tairi mbili, auto, au loki. Kwenye udongo mwekundu weka loki, ukikimbia inajirudisha auto yenyewe.

Babu Spana
Mama Watatu kaongea kama fundi.
Niongeze upande wa spea. Ukienda maduka ya spea ya Gerezani na jina X-Trail utapata vitu mpaka uchanganyikiwe, mpya za kichina, used za Japan, za kuungaunga, chaguo lako. Forester zipo ila bei inasoma, na ufundi pia, maana injini imelala, plagi zipo ubavuni, fundi anazitafuta kwa kupapasa. Asiyeijua atakumalizia siku nzima na koili mbili juu.

Njiwa wa Eastlands
Sisi huku Nairobi hiyo mijadala iliisha, Forester ndio gari ya vijana, ukitaka kulala Ijumaa usiku usikae karibu na barabara 😂 Ila gari za miaka hiyo hatuwezi kuagiza tena, sheria yetu ni miaka 8, hizo tunanunua tu za mkononi.

Dalali Mstaafu
Kwa nini usiagize Japan moja safi kuliko kuchukua uchovu wa mtu? Kule hizo gari bei ni ya mchicha.

Ngosha wa Ilemela
Mchicha kule, hapa bandarini ni nyama mkuu. Gari ikipita miaka 10 kuna ule ushuru wa uchakavu 30%, na huo unakaa pamoja na ushuru wa forodha 25%, wa bidhaa 5% kwa injini zinazozidi cc 1000 mpaka 2000, halafu VAT 18% inakuja kukaa juu ya hayo yote. Aingize kwenye kikokotoo cha TRA kabla hajatuma hata senti. Kwa 23 yake atatoa gari nusu.

Kiazi Mviringo
Wakuu nawashukuru, nimerudi na mrejesho. Jumamosi nilimlipa fundi ambaye hajuani na muuzaji yeyote tukazunguka nazo zote.

X-Trail bodi ni nzuri kuliko Forester, sitaki kudanganya, hata mama watoto aliishaanza kupanga nani anakaa wapi. Nikauliza oili ya giaboksi, jamaa akanijibu NENO KWA NENO kama alivyosema Babu Spana, fundi akaanza kucheka nikamkanyaga mguu. Tukaomba tupande nayo mlima wa Goba mara tatu mfululizo ipate moto, mwenyewe akasema mafuta hayatoshi. Nikasema nitaweka mimi. Akasema ana kikao.

Forester chujio iko juu kweli. Stiki ilikuwa chini ya alama, karibu nusu lita, na tairi mbili za mbele ni mpya za nyuma vipara, yaani kila alichosema Ngosha. Ila mwenyewe alitoa risiti zake kwenye mfuko wa rambo akasema muda wowote niendeshe ninapotaka. Nikatumia zile tairi kumbana, ikashuka mpaka 21.2, jana nimelipa. Mama watoto hajanuna sana, kasema tu siku tukikwama Njombe yeye hashuki kusukuma.

Sasa naombeni kingine, tairi 215/65 R16, nichukue mbili za nyuma zifanane na hizi mpya au nne zote?

Babu Spana
Hizo mpya zimetembea kiasi gani? Kama hazijafika hata km 2,000 tafuta mbili za kampuni hiyo hiyo na michoro ile ile. Zaidi ya hapo nne, usijitetee.

tajiri_wa_mkopo
Hongera mkuu. Ile IST uliuza bei gani? Nina mdogo wangu anatafuta.