Kambi ya likizo ya kanisa kwa watoto wanaoshindwa kusoma: siku 10 zipangwe vipi?

Mwl_Jumapili:
Habari zenu wadau. Kanisa linaandaa kambi ya siku 10 kwa watoto 24 wa miaka 8 hadi 12 ambao kusoma kunawashinda. Wanakuja asubuhi na kurudi nyumbani mchana. Wasaidizi ni 6, hakuna aliyesomea ualimu. Ratiba ya sasa: saa nzima ya kusoma Biblia kwa zamu, kila mtoto mstari mmoja, kisha mstari wa kukariri, nyimbo na michezo. Kuna la kurekebisha?

Silabi:
Lipo, tena kubwa: hiyo zamu. Watoto 24 kwa saa moja, kila mmoja hapati hata dakika 3. Na asiyejua kusoma hutumia muda wote kuhesabu ni mstari gani utamwangukia, au ghafla anaomba kwenda chooni.

Siku ya kwanza wapimeni mmoja mmoja, dakika 5 kila mtoto. Karatasi moja tu: herufi 10 zilizochanganywa, silabi 10 (wekeni mba, nya, ng'o, dha, msiishie ba na ma), maneno mafupi 10, halafu aya ya sentensi 4. Anapokwama ndipo kundi lake lilipo. Msiangalie umri wala darasa. Shirika la Pratham la India limepanga watoto hivi kwa miaka mingi, na linatumia sana watu wa kujitolea. Kwenu kila msaidizi anapata watoto 4, hesabu nzuri.

Badala ya saa moja mfululizo, wekeni vipindi 2 vya dakika 30, na michezo katikati. Dakika 5 ni za marudio ya jana. Kumi zinazofuata, familia moja mpya, mfano nda nde ndi ndo ndu: mtoto anaiona, anaitamka, anaichora kwa kidole kwenye sinia lenye mchanga huku akiitamka. Kumi nyingine ni za kusoma maneno na sentensi zenye silabi hizo. Tano za mwisho ni imla ya maneno 3 au 4. Msiiruke, maana hapo ndipo utajua kama silabi imeingia au imepita tu.

Kosa la wasaidizi wengi ni kutaja majina ya herufi. Mtoto akiambiwa "em, be, a" ataipataje mba? Mpeni silabi nzima. Pia b na d zisifundishwe siku moja.

Kadi_Mezani:
Naongezea kuhusu kukariri, maana huo ndio mtego wa kambi za dini. Watoto hawa wengi wana masikio makali. Zaburi ya 23 ataishika kwa kuisikia, kisha atapitisha kidole kwenye karatasi huku macho yako dirishani, nanyi mtashangilia kwamba anasoma. Walimu wa madrasa wanalijua hili vizuri. Andikeni maneno ya mstari kwenye kadi ndogo, mzichanganye, asome moja moja. Hapo ukweli utaonekana. Kukariri kubaki kwenye ibada, mtoto ang'are, ila kusiandikwe kama maendeleo ya kusoma.

Biblia yenyewe ni ngumu kwa kuanzia: vitenzi virefu, majina kama Nebukadneza. Andikeni kisa upya kwa sentensi za maneno 4 hadi 6. Akikosea zaidi ya neno 1 katika kila 10, kisa kimemzidi, kipunguzeni. Neno kama "wakamwendea" lifunikeni kwa karatasi, mfunue silabi moja moja.

Mwl_Jumapili:
Asanteni sana. Wazee wanataka siku ya kufunga watoto wasimame mbele ya kanisa waombewe wajue kusoma. Na wapo wanaosema ni disleksia, yaani ule ugumu wa kusoma na kuandika. Tufanyeje?

Mlango_Wazi:
Waombeeni watoto wote wa kanisa kwa pamoja. Kuwasimamisha hawa 24 peke yao ni kuwatangaza.

Disleksia inatokana na jinsi ubongo unavyoshughulikia sauti za lugha, na mara nyingi huonekana katika ukoo. Si uvivu wala pepo. Lakini kambi haiwezi kuithibitisha, hiyo ni kazi ya mtaalamu, kwa hiyo wasaidizi wasiibandike kwa mtoto. Mnachoweza ni kuuliza wazazi mapema kuhusu macho na masikio; anayekunja uso akitazama ubao, au anayejibu "eeh?" kila mara, akapimwe kwanza.

Kupima mmoja mmoja ni sawa, ila mahali panapoonekana na watu wazima wengine, kamwe si chumbani mlango ukiwa umefungwa.

Siku 10 zinaweza kumpandisha mtoto ngazi moja, mfano kutoka silabi hadi maneno, msiahidi zaidi. Siku ya mwisho rudieni kipimo cha siku ya kwanza, ila kwa maneno na aya mpya, kisha mzazi apewe kadi tatu: silabi alizoshika, zilizobaki, na zoezi la dakika 10 kwa siku. Mzazi asiyejua kusoma atafutiwe kaka, dada au jirani wa kulisimamia, na jina hilo liandikwe kabla kambi haijafungwa.