Freemason, Rotary au kufa na kuzikana: nijiunge na kipi?

Kijana wa Tabata
Habari za jioni wakuu. Nimehamia Dar kikazi, nina mke na mtoto mmoja, ndugu zangu wote wako Kigoma. Natafuta chama cha watu ambao nikiugua wiki nzima watauliza niko wapi. Mtaani kuna kufa na kuzikana, bosi wangu yuko Rotary, na Freemason nawasikia tu vijiweni. Aliye ndani anieleze: unaingiaje, unatoa nini, unatakiwa ufanye nini?

Mzee wa Upanga
Kijana, mimi ni Freemason wa siku nyingi, na kujitaja hakukatazwi. Marehemu Sir Andy Chande, aliyefariki 2017, alituongoza Afrika Mashariki kwa miaka mingi na hakuwahi kulificha.

Kwanza futa meseji zote za "jiunge upate utajiri". Ni za matapeli. Hatubandiki namba kwenye nguzo za umeme wala hatupokei hela ya kuingizwa kwa simu. Unamwendea mwanachama unayemfahamu, unaomba mwenyewe. Yeye anakupendekeza, wa pili anakuunga mkono, unahojiwa, kisha loji, yaani tawi unaloomba kuingia, inapiga kura ya siri kwa vigololi vyeupe na vyeusi. Vyeusi vikifika idadi iliyowekwa, huingii. Uwe mwanamume mtu mzima na uwe unamwamini Mungu. Unaapa kwa kitabu cha dini yako, iwe Biblia, Kurani au Gita.

Siku ya kuingizwa unafungwa kitambaa machoni, unavuliwa kila kitu cha chuma na hela yote uliyonayo. Unaingia mikono mitupu. Nikisikia kwamba pale ndipo utajiri unapogawiwa nasikitika sana, maana somo la usiku ule ni kumkumbuka asiye nacho. Ndipo unavishwa aproni nyeupe ya ngozi ya kondoo. Madaraja ni matatu na lugha yake ni ya waashi, kuanzia mwanagenzi.

Kuna kiingilio, ada ya mwaka, suti nyeusi, glovu nyeupe, chakula cha pamoja baada ya kikao na michango ya hisani. Maneno ya sherehe unayakariri kichwani, na hilo linakula jioni nyingi. Siasa na mabishano ya dini ni mwiko ndani.

Mchaga wa Moshi
Shikamoo Mzee. Kijana, kama wewe ni Mkatoliki ujue mapema: Papa Klementi wa XII alipiga marufuku mwaka 1738, na Vatikani imerudia msimamo huo Novemba 2023. Baraza la Fiqhi la Makka nalo lilikataza kwa Waislamu mwaka 1978. Simvunjii Mzee heshima, ila zungumza na paroko au shehe wako kabla hujaomba.

Mzee wa Upanga
Marahaba. Umesema kweli. Asiye na amani na dini yake asije.

Dada wa Mikocheni
Mimi niko Rotary. Hakuna kiapo cha siri. Ilianza Chicago mwaka 1905, na wanawake tulikubaliwa rasmi 1989. Mwombe bosi wako akupeleke kama mgeni, uone. Kazi ni miradi ya jamii, na vita dhidi ya polio tunaibeba tangu 1985. Ada ipo, na muda wako utatakiwa. Ukiugua marafiki watakuja, lakini hakuna mfuko wa kukuzika.

Mama Salma
Mwanangu, ulichoeleza ni kufa na kuzikana. Unaandikwa kwenye daftari wewe na wategemezi wako, unatoa mchango wa kila mwezi, na ukipatwa na msiba turubai, viti na masufuria vinafika kabla hujajua uanzie wapi. Wengine wanakuja kukesha. Ila hela peke yake haitoshi. Usipoonekana misibani kwa wenzako watu wanahesabu, na siku yako utawaona wachache. Mwanamume akabebe jeneza, achimbe kaburi. Mkeo naye aonekane jikoni.

Kijana wa Tabata
Shikamoo Mama, nashukuru, nawashukuru wote. Nitaanza na mtaani, Rotary nitakwenda kama mgeni. Mzee, la kuomba kujiunga kwenu naliweka kando kwanza, mimi ni Mkatoliki. Mama, wazazi walioko Kigoma wanaandikwa?

Mama Salma
Marahaba. Kwetu wanaandikwa, wako na wa mkeo. Vyama vinatofautiana, muombe katibu katiba usome kipengele cha wategemezi na muda wa kusubiri kabla hujaanza kunufaika. Vingine mgeni anasubiri miezi kadhaa, kwa hiyo usikawie.