Siku tatu nakesha, halafu mtu ananiambia "weka printk tu", yaani amri ya kuchapa ujumbe!

Wakuu, naandika nikiwa nimesimama kwenye daladala ya Mwenge, mikono inatetemeka. Yule jamaa anayekagua programu zetu mnamjua. Yule wa hedifoni shingoni kutwa nzima kama kola ya shati. Jina simtaji.

Siku tatu nafukuza mdudu, yaani kosa, kwenye draiva, ile programu inayoendesha kifaa. Kerneli, kiini cha Linux, inaganda mara moja kila baada ya saa tano sita, haisemi neno, kimya cha makaburini. Nyumbani mtoto kaanza kuniamkia kama mgeni. Mwisho nikamnasa: intarapti, yaani kifaa kukatiza kazi ya CPU, inaingia kwenye CPU ile ile iliyoshika spinloku, kufuli ambayo anayeisubiri anazunguka tu mpaka iachiwe, nayo inaidai spinloku hiyo hiyo. Inazunguka hapo mpaka kiyama.

Nikarekebisha, nikaongeza matukio ya ftrace, kinasa nyendo cha kerneli, ili atakayekuja baada yangu asikeshe. Mistari 60, misafi. Nikampelekea apitie.

Nilikuwa nimekaa nyuma yake, nimeona kwa macho yangu. Mkono mmoja kwenye panya, mwingine umeshika muhogo wa kukaanga. Kapitisha mistari yote 60 kwa sekunde nne, kafuta pilipili kwenye suruali, kaandika: "Ya nini yote haya? Weka printk tu."

PRINTK TU! Nikiweka printk mdudu anapotea, maana anategemea muda na printk inachelewesha! Mstari wa herufi 80 kwenye sirio, ule waya wa kutolea ujumbe, ya biti 115200 kwa sekunde unakula karibu milisekunde 7. Kwa CPU hiyo ni safari ya Kariakoo kwa miguu, kwenda na kurudi! Ftrace inaandika kwenye kumbukumbu, inapita. Na kayasema mbele ya vijana wa field. Printk tu. Na muhogo mdomoni!

KITASA KIBOVU: Povu la nini mkuu? Lockdep uliwasha, kile kikaguzi cha kufuli za kerneli? Ipo kwenye Linux tangu 2006. Inakutajia spinloku ya hivyo hata kabla mashine haijaganda. Siku tatu zote ulikuwa unafukuza kivuli.

MTOA MADA: Usihamishe mada! Nimeambiwa "weka printk tu"!

KITASA KIBOVU: Kwa hiyo hukuwasha 😂😂

DADA TEMINO: Mtoa mada, wewe angalau umejibiwa siku hiyo hiyo. Kiraka changu, marekebisho niliyotuma yakaguliwe, kina wiki ya tatu kinaota ukungu. Jana mkaguzi wangu kaniandikia neno moja: "nafasi". Nafasi tupu mwishoni mwa mstari wa 42! Kazi yenyewe hakuigusa.

MPANGAJI WA TABATA: Nyie mna raha. Mwenye nyumba kanigongea saa nne usiku anataka kodi ya miezi sita. Na mita ya umeme ni moja, tuko wapangaji watano, yule wa chumba cha mbele anauza barafu!

DADA TEMINO: Anauza barafu kwa umeme wenu? Hama leo, kaka.

MPANGAJI WA TABATA: Nihamie wapi, dada? Kila ninakoulizia wanataka miezi sita.

KITASA KIBOVU: Ila huo muhogo anaununua wapi? Huku kwetu ni wa baridi tupu.

DADA TEMINO: Makumbusho pale kituoni, mama mwenye mwamvuli wa kijani. Anaanza saa kumi. Pilipili mwambie akuwekee pembeni.

MTOA MADA: Jamani, PRINTK!

MPANGAJI WA TABATA: Saa kumi jioni au alfajiri?